"Wataniomba Karatasi?" Kisa cha simu moja kwenye kituo cha afya cha jamii huko Texas

Kazi yangu ni ukalimani wa afya kwa njia ya simu. Simu inalia: upande huu yuko muuguzi au mtu wa mapokezi wa kituo fulani Marekani, upande ule msemaji wa Kiswahili, mara nyingi Mkongo au Mrundi, nami niko katikati. Simu moja inatoka Maine, inayofuata Texas, ya tatu Ohio. Siruhusiwi kusimulia habari za mgonjwa, kwa hiyo nimebadilisha kila kitu kinachoweza kumtambulisha mama wa kisa hiki, na kituo chenyewe sikitaji.

Ilikuwa wiki ya tatu ya Julai 2025. Mama mmoja, mzaliwa wa Uvira, Kongo, anayeishi Texas, alipiga simu kwenye kituo cha afya cha jamii anakotibiwa. Kesi yake ya kuomba hifadhi ilikuwa bado haijaamuliwa. Alikuwa na kibali cha kazi, anapakia mizigo ghalani zamu ya usiku, na kodi inakatwa kwenye mshahara wake kama wa mtu mwingine yeyote. Bima hakuwa nayo. Alikuwa na presha, au kama wasemavyo kwao, tansiyo, na Alhamisi ya wiki ile alikuwa na miadi ya kupimwa na kuandikiwa dawa upya.

"Dada, niko na swali moja tu," akasema. "Kama nikikuja, wataniomba karatasi?"

Alimaanisha hati za uhamiaji. Nikatafsiri. Mtu wa mapokezi akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa sauti ya upole kwamba wamesikia kuhusu tangazo jipya la serikali, kwamba uongozi unasubiri maelekezo ya mawakili, na kwamba kwa sasa yeye hawezi kuahidi chochote. Nikatafsiri neno kwa neno, kama inavyotakiwa. Mama akasema, "Basi nimeelewa. Asante," akakata.

Alhamisi hakwenda.

Nimeirudia simu ile kichwani mara nyingi, kwa sababu hakuna aliyesema uongo wala aliyekuwa mkali. Siku ile hakuna kanuni iliyomlazimu yule wa mapokezi kuuliza karatasi, na bado mgonjwa alifukuzwa bila mtu kumfukuza. Ili kuelewa jambo kama hilo linatokeaje, lazima turudi nyuma, kwanza kwenye kituo chenyewe.

Vituo vya afya vya jamii vya Marekani si hospitali, wala si zahanati za serikali kama tunazozijua sisi. Vilianza 1965, wakati wa vita ya Rais Lyndon Johnson dhidi ya umaskini, kwa kituo cha Columbia Point mjini Boston, kikafuatiwa na kingine Mound Bayou, Mississippi. Aliyevianzisha pamoja na mwenzake Count Gibson ni daktari H. Jack Geiger, na wazo hakulitoa Marekani. Alilichukua Afrika. Akiwa mwanafunzi wa udaktari katika miaka ya 1950 alikwenda Pholela, Natal, Afrika Kusini, ambako Sidney na Emily Kark walikuwa wakiendesha tangu 1940 kituo kilichotibu mgonjwa pamoja na kisima chake, bustani yake na nyumba yake. Geiger aliporudi kwao akafanya vilevile kwa watu weusi maskini wa Mississippi, hadi akawa anawaandikia chakula kama dawa. Sikuweza kumwambia hayo mama wa Uvira, si kazi ya mkalimani. Lakini nilitamani ajue kwamba mlango aliokuwa akiuogopa ulichongwa kwa mfano wa mlango wa kwetu.

Leo kuna karibu vituo 1,400 vyenye maelfu ya matawi, na mwaka 2023 vilihudumia zaidi ya watu milioni 31. Sheria inayoviongoza ni kifungu cha 330 cha Sheria ya Huduma za Afya ya Umma. Kituo hakiruhusiwi kumnyima mtu huduma kwa sababu hana uwezo wa kulipa. Malipo yanafuata kipato: aliye chini ya mstari wa umaskini, ambao mwaka 2025 ulikuwa dola 15,650 kwa mtu anayeishi peke yake, halipi au analipa kidogo sana, na punguzo linaendelea hadi mara mbili ya mstari huo. Zaidi ya nusu ya wajumbe wa bodi lazima wawe wagonjwa wa kituo hichohicho. Na kuna maneno mengine ndani ya kifungu hicho ninayoyaona kuwa moyo wa kisa hiki: kituo kinatakiwa kuhudumia wakazi wote wa eneo lake. Sheria imesema wakazi. Raia hawakutajwa, wala wenye kibali fulani. Anayeishi hapo, basi.

Sasa tuje kwenye tangazo.

Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria kubwa ya kubadili mfumo wa misaada ya serikali. Ndani yake mlikuwa na kanuni kwamba "manufaa ya umma ya serikali kuu" ni kwa raia na kwa wageni wa makundi yaliyotajwa tu: wenye ukaazi wa kudumu, wakimbizi, waliokwisha kupewa hifadhi, na wengine wachache. Wengine wote hawamo. Swali likawa: manufaa ya umma ni yapi hasa? Mwaka 1998 Wizara ya Afya ilitoa orodha ya programu zake 31, na vituo vya afya vya jamii havikuwamo. Hoja ilikuwa rahisi kueleweka: sheria inazungumzia msaada anaopewa mtu, kaya au familia baada ya kupimwa kama anastahili, ilhali ruzuku ya kituo inakwenda kwenye kituo, na kituo hakimpimi mtu kama anastahili kuumwa. Tafsiri hiyo ikasimama miaka 27. Marais wa vyama vyote viwili wakapita bila kuigusa.

Tarehe 10 Julai 2025 wizara hiyo, chini ya Waziri Robert F. Kennedy Jr., ikatangaza kuifuta. Tangazo lilichapishwa rasmi tarehe 14 na kuanza kutumika papo hapo, huku wananchi wakipewa siku 30 za kutoa maoni juu ya jambo lililokwisha kuanza. Programu 13 zikaongezwa kwenye orodha. Mojawapo ni Head Start, ile ya malezi na elimu ya awali kwa watoto wa familia maskini. Nyingine ni uzazi wa mpango, baadhi ya huduma za afya ya akili na za waraibu wa dawa za kulevya, na vituo vya afya vya jamii.

Vichwa vya habari vilisema linawalenga walioingia nchini kinyume cha sheria. Ukisoma makundi yenyewe unaona limekwenda mbali zaidi. Mwanafunzi mwenye viza halali hayumo katika makundi yanayoruhusiwa. Mfanyakazi mwenye viza ya kazi hayumo. Mwenye hifadhi ya muda kwa sababu nchi yake ina vita hayumo. Na mwombaji wa hifadhi ambaye kesi yake haijaamuliwa, kama mama yetu, hayumo, hata kama amefuata kila hatua aliyoambiwa na serikali hiyohiyo. Tofauti kati ya "mwomba hifadhi" na "aliyepewa hifadhi" ni herufi chache kwenye karatasi, na inaweza kuchukua miaka mingi kuivuka.

Lakini yako mambo mawili ambayo laiti yangesemwa kwenye simu ile, Alhamisi ingekuwa nyingine.

La kwanza, sheria ileile ya 1996 ina kifungu kinachosema kwamba shirika la hisani lisilo la faida halilazimiki kukagua hali ya uhamiaji ya mtu anayekuja kupata huduma. Vituo vingi vya afya vya jamii ni mashirika ya namna hiyo hasa. Kuna vichache vinavyoendeshwa na miji au kaunti, na hivyo viko katika hali tofauti. Tangazo la wizara haliwezi kufuta kifungu cha sheria iliyopitishwa na Bunge. Kituo alichopiga simu mama huyu kilikuwa shirika lisilo la faida. Limeandikwa hivyo chini ya jina lake.

La pili, sheria hiyo tangu mwanzo imeacha wazi milango kadhaa kwa kila mtu bila kujali karatasi: matibabu ya dharura, chanjo, na upimaji na tiba ya dalili za magonjwa ya kuambukiza. Kwa maneno mengine, kikohozi cha kifua kikuu kina mlango wake, na surua ina mlango wake. Presha haiambukizi. Presha inangojea mpaka mshipa upasuke kichwani, ndipo inaitwa dharura, na hapo mlango unafunguka, wa hospitali, kwa gharama isiyolingana na kidonge cha kila siku. Hili linaniuma kuliko yote katika jambo hili. Mtu anayenyimwa muuguzi wa presha mwezi Julai hataacha kuumwa. Atahamishiwa Desemba, na kwenye gari la wagonjwa.

Kwa nini basi mtu wa mapokezi hakusema? Simlaumu sana. Siku chache baada ya tangazo, uongozi wa kituo una hofu ya ruzuku yake, mawakili wanasoma, na walio dawatini wanaambiwa wasiahidi kitu. Kwa lugha ya ofisi, "tunasubiri maelekezo" maana yake ni kwamba hakuna kilichobadilika bado. Kwa masikio ya mtu aliyekulia mahali ambapo karatasi ikisomwa vibaya kwenye kizuizi cha barabarani mtu harudi nyumbani, maana yake ni "usije". Mimi nilizisikia maana zote mbili kwa wakati mmoja na sikuwa na ruhusa ya kuongeza neno. Mkalimani akianza kushauri, amekuwa mtu mwingine. Najua kanuni hiyo ni sahihi. Siku ile ilikuwa nzito kuibeba.

Kuna jambo jingine la Texas ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Mwezi Agosti 2024 Gavana Greg Abbott alitoa amri kwamba hospitali zianze, kuanzia tarehe 1 Novemba mwaka huo, kukusanya habari za uraia wa wagonjwa. Mgonjwa ana haki ya kutojibu, na jibu lake halibadili matibabu yake. Hospitali zinatakiwa kumwambia hivyo. Amri hiyo inahusu hospitali. Kituo cha afya cha jamii si hospitali. Lakini mama wa Uvira, kama watu wengi, haoni ukuta kati ya hospitali na kituo. Kwake zote ni "kwa docta". Ndugu yake aliulizwa hospitalini, kwa hiyo yeye naye ataulizwa kituoni. Ongeza kwamba Januari 2025 serikali kuu ilifuta mwongozo uliowazuia maofisa wa uhamiaji kufanya msako hospitalini, makanisani na shuleni, na kwamba Juni habari za watu wenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, zilikabidhiwa idara inayosimamia uhamiaji. Tangazo la Julai lilikuta kuni zimekwisha kukauka.

Majimbo hayakukaa kimya, na hapa ndipo mpaka wa jimbo ulipogeuka kuwa mpaka wa afya ya mtu. Tarehe 21 Julai wanasheria wakuu wa majimbo 20 pamoja na jiji la Washington walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko Rhode Island. Maine ilikuwamo, na Minnesota, Arizona, Massachusetts, Colorado na jimbo la Washington, majimbo yenye Wakongo na Warundi wengi. Serikali kuu ikakubali kutotekeleza tangazo katika majimbo hayo wakati suala la zuio likisikilizwa, na tarehe 10 Septemba Jaji Mary McElroy akatoa zuio la muda: tangazo lisitumike katika majimbo yaliyoshtaki. Siku iliyofuata jaji mwingine, katika jimbo la Washington, akalizuia kwa upande wa Head Start nchi nzima.

Angalia matokeo yake. Mtoto wa mwomba hifadhi huko Texas alilindwa asitolewe darasani, kwa sababu zuio la Head Start lilifika kila mahali. Mama yake mwenye presha hakulindwa, kwa sababu zuio la vituo vya afya liliishia kwenye mipaka ya majimbo yaliyoshtaki, na Texas haikushtaki. Wala Ohio, wala Iowa. Wiki ileile ya Septemba nilitafsiri simu ya Portland, Maine, mji ambao Juni 2019 uligeuza uwanja wake wa michezo wa ndani kuwa malazi ya mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola. Mgonjwa aliuliza swali lilelile la karatasi. Jibu lilikuja kabla sijamaliza kutafsiri: hapana, hatuulizi, njoo. Binadamu mmoja, ugonjwa mmoja, kesi ya hifadhi ya aina moja. Kilichotofautiana ni nani alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo.

Nikae kidogo hapa kwa ajili ya wakimbizi wanaosoma, kwa sababu nimesikia mambo mawili yakichanganywa kila siku. Mkimbizi aliyeletwa na programu ya wakimbizi, pamoja na aliyekwisha kupewa hifadhi, yumo katika makundi yanayoruhusiwa na sheria ya 1996. Tangazo la Julai halimgusi. Kinachomgusa ni jambo jingine kabisa: sheria kubwa ya bajeti ambayo Rais Trump aliitia saini tarehe 4 Julai 2025, siku sita kabla ya tangazo. Hiyo inasema kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 wakimbizi na waliopewa hifadhi hawatastahili tena Medicaid mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Ukaazi huo mkimbizi anaruhusiwa kuuomba baada ya mwaka mmoja nchini, kisha anasubiri jibu. Kwa hiyo tangazo linahusu mlango wa kituo, na sheria ya bajeti inahusu kadi ya bima. Anayepoteza kadi bado anaweza kuingia mlangoni na kulipa kulingana na kipato. Ila kituo nacho kitaumia, maana karibu nusu ya wagonjwa wa vituo hivi wana Medicaid, na malipo ya Medicaid ndiyo yanayolipa mishahara ya wauguzi na kuwasha taa. Mgonjwa aliyekuwa na kadi akirudi bila kadi, kituo kinamtibu vilevile na hakilipwi vilevile.

Turudi kwa mama.

Simu ya pili ilinikuta mwishoni mwa Septemba. Wakalimani ni wengi, na kumpata mgonjwa yuleyule mara mbili ni bahati. Nilimtambua kwa namna anavyosema "dada". Safari hii aliyepiga ni kituo: muuguzi alikuwa akipitia orodha ya wagonjwa wa presha waliopotea tangu kiangazi na kuwapigia mmoja mmoja. Alimuuliza kama bado anameza dawa.

"Ninameza nusu," akasema. Alieleza bila kuulizwa. Vidonge vilipobaki kumi na vinne alichukua kisu cha kumenyea viazi, akaweka kidonge kwenye kisahani cha chai, akakikata. Vingine vilimeguka vibaya, akawa anaokota unga kwa ncha ya kidole na kuulamba. Vilipoisha, jirani Mtanzania akamgawia vyake vichache, vya rangi nyingine, hajui ni vya nini. Kichwa kinamuuma upande wa nyuma kila akitoka zamu.

Muuguzi akamuuliza kwa nini hakuja. Mama akanyamaza. Halafu akauliza tena swali lake la Julai, maneno yaleyale.

Muuguzi hakutaja mawakili. Alisema: "Hapa hatuulizi karatasi. Hatukuuliza Julai na hatuulizi leo. Tunauliza jina, anwani na mshahara, ili tujue punguzo lako." Nilipotafsiri "Hatukuuliza Julai" nilisikia mama anavuta pumzi kwa nguvu. Akasema kwa Kiswahili chake, taratibu, kana kwamba anahesabu: "Kwa hiyo miezi miwili hii..." Hakumaliza, na muuguzi hakumharakisha.

Baadaye nilijaribu kuielewa tofauti ya simu zile mbili. Sheria ilikuwa ileile. Kwa vituo vya afya vya Texas hakuna kilichobadilika mahakamani kati ya Julai na Septemba. Kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja ndani ya kituo aliamua kutamka kwa sauti kile ambacho kituo kilikuwa kikikifanya muda wote. Sentensi tatu. Zingeweza kusemwa Julai, kurekodiwa kwa Kiswahili kwenye simu ya kituo, kubandikwa mlangoni kwa herufi kubwa pamoja na Kihispania na Kiingereza. Naandika hili kwa ajili ya viongozi wa vituo na wajumbe wa bodi, ambao wengine ni ndugu zetu wasomao Kiswahili: kama kituo chako ni shirika lisilo la faida na hakiulizi, semeni hakiulizi. Kama wanasheria bado wanasoma, semeni kile kinachofanyika leo. Mgonjwa hahitaji maoni ya kisheria juu ya mwaka ujao. Anataka kujua Alhamisi.

Muuguzi alimpa nafasi ya Jumanne, saa tisa asubuhi kwa saa za Kiingereza, na akamwambia asiguse tena vile vya jirani, avilete kwenye mfuko avione. Nikatafsiri: Jumanne, saa tatu asubuhi.

"Saa tatu ya kwetu ao ya hapa?" akauliza.

Nikamwomba muuguzi ruhusa ya kufafanua, kisha nikamwambia: ya kwetu, mama. Kwenye simu yako itaandika tisa.

"Tisa," akarudia, na nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi.